Maswali Yenu: Picha za Majengo ya Kale na Leveli za Gemu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba picha za safari za majengo ya kale ni hazina kwa mtu anayetengeneza leveli za gemu, kumbe nimechokoza nyuki, maswali yamekuja mpaka nimelazimika kuchagua. Mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanauliza kitu kimoja.

SWALI: Dada habari za kazi. Natengeneza leveli (zile sehemu anazopita mchezaji) za gemu ya matukio na ngome za kale ndo ugonjwa wangu. Folda yangu imejaa picha, nyingi nimepiga mwenyewe safarini. Nikijenga leveli inapendeza kuiangalia, minara ipo, kuta zipo, lakini wanaoijaribu wanasema wanapotea na wanachoka mapema. Tatizo liko wapi? (Mpenda Ngome)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kabla hujaendelea kusoma fungua hiyo folda, angalia ni picha ngapi umepiga ukiwa umesimama mbele unalitazama jengo kwa mbali, na ngapi umepiga ukiwa katikati ya kupita, mguu mmoja ndani mmoja nje. Sijaiona folda yako ila nadhani za aina ya kwanza ndo zimejaa, na hapo ndo penye shida, maana picha ya mbele inakwambia jengo linafananaje, haikwambii mtu anapitaje, na leveli ni kupita.

Chukua ngome ya Himeji kule Japani, mnara wake mkuu ulikamilika 1609. Picha yake wote tunaijua, mnara mweupe, maua ya cheri, mbingu ya bluu. Nzuri sana lakini kwa kazi yako haina msaada mkubwa. Mambo yote yako chini. Kutoka lango la Hishi mpaka mnara mkuu kwa mstari ulionyooka ni kama mita 130, ila njia yenyewe ukiitembea ni kama mita 325. Yaani mnara unauona uko pale pale, unaufuata, njia inakukunja, ukuta unakuzibia, mnara unapotea, unapita lango lingine, unatokea tena upande ambao hukuutegemea, na kuna mahali inabidi uupe mgongo kabisa ndo uweze kuukaribia. Na muda wote huo kwenye kuta za pembeni kuna matundu ya kutolea mishale na bunduki, mengine duara, mengine pembetatu, mengine mstatili, na wewe uko uchi katikati ya njia. Wale mafundi walimpangia adui safari nzima, wapi apate matumaini, wapi achanganyikiwe, wapi apunguze mwendo, na huyo adui ndo mchezaji wako wewe.

Ngome ya Krak des Chevaliers kule Syria inafanya hivohivo kwa namna nyingine, unaingia kwenye njia ndefu ya kupanda iliyofunikwa juu, giza, mwanga unakatiza hapa na pale, halafu inageuka ghafla karibu inarudi ulikotoka. Kona ile ina kazi. Wengi wakiiga ngome wanachukua mawe na bendera, kona wanaiacha.

Kwa hiyo ushauri wangu, chukua ngome moja tu, moja, chora njia yake kwenye karatasi kutoka lango la nje mpaka ndani kabisa, halafu weka alama kila mahali ambapo lengo linaonekana na kila mahali linapofichwa. Kisha ijenge kwa maboksi ya kijivu, bila tekscha (picha inayopakwa juu ya umbo) hata moja, bila bendera, mpe mtu acheze. Kama kwenye maboksi matupu anajua aende wapi na anataka kufika, hapo una leveli, mawe utapaka baadaye. Kama hajui, mawe hayatamsaidia. Na hiyo minara yako ipunguze, ukiweka minara mitano ya urefu uleule mchezaji hana pa kushika, mmoja uwe mrefu kuliko yote au wa rangi tofauti ili hata akizunguka mara ngapi aseme aa, kumbe niko upande huu.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mwanafunzi wa ubunifu wa gemu, nategemea kusafiri kuona majengo ya kale kwa mara ya kwanza, nina simu tu sina kamera kubwa. Nipige nini na nini? (Msafiri Mpya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, simu inatosha kabisa, usije ukakopa kamera kwa ajili ya hili.

La kwanza piga safari, usipige jengo. Ukiwa bado nje, kabla hujaliona, anza kupiga, kila baada ya hatua kadhaa picha moja kwa urefu wa macho yako, simu imenyooka, na ukifika kila mlango piga tatu, moja kabla hujaingia, moja umesimama katikati ya kizingiti, moja ukiwa ndani umegeuka unatazama ulikotoka. Hiyo ya kugeuka watu wengi hawaipigi na ndo nakusisitizia, maana kwenye gemu mchezaji anarudi nyuma muda wote, na akirudi akakuta upande wa pili hauna kitu cha kumwongoza anapotea. Majengo ya kale mengi yana sura mbili, ya kuingilia na ya kutokea, na wajenzi walizifikiria zote.

La pili achana na lenzi pana ile inayovuta kila kitu kiingie. Inakudanganya ukubwa, chumba kidogo kinaonekana ukumbi, nguzo za pembeni zinalala, halafu ukienda kujenga kwa kuifuata unashangaa mbona hakifanani. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, na kwenye kila sehemu muhimu hakikisha picha moja ina mtu au kitu unachojua urefu wake, hata chupa ya maji iwekwe chini ya ukuta. Bila kipimo hutajua dirisha lilikuwa la mita moja au tatu.

La tatu, na hapa ndo napenda kukaa, sogea karibu. Angalia kidato cha ngazi ya zamani ya jiwe. Katikati kimelika, kimebonyea kama kitanda cha mtu mzima, pembeni bado kina ncha. Sasa angalia vizuri zaidi, mara nyingi hakijalika katikati kamili, kimelika zaidi upande wa ukuta, kwa sababu watu walikuwa wanashika ukuta, na ukiinua macho ukutani kwa urefu wa kiuno unakuta jiwe limeng'aa kwa mikono. Kwenye kona ya ndani limelika zaidi kwa sababu kila mtu anakata kona. Piga hiyo. Piga pale maji ya mvua yalipotiririka yakaacha mstari mweusi chini ya dirisha, piga pale jiwe jipya lilipotiwa kuziba la zamani, piga unene wa ukuta kwenye dirisha, maana unene ndo unaomwambia mchezaji kwamba hii ni ngome na sio karatasi, na wabunifu wengi wachanga kuta zao ni nyembamba mno. Baadaye ukiweka uchakavu kwenye leveli yako hutaumwaga popote, utauweka pale watu walipopita, na mchezaji ataifuata ile njia iliyolika bila kuambiwa.

Kama unataka kutengeneza modeli ya 3D moja kwa moja kutoka kwenye picha, hilo linawezekana pia, siri yake picha zipishane sana, kila moja irudie zaidi ya nusu ya iliyopita, na siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali kwa sababu kivuli kikali kinagandia kwenye tekscha na hukitoi tena kirahisi. Ila kwa mtu anayeanza nakushauri ujifunze kuona kwanza, kuskani baadaye.

SWALI: Nimepima mlango halisi wa jengo la kale na kuujenga vipimo vilevile, lakini kwenye gemu unabana vibaya, kamera inagonga. Nilikosea vipimo? (Futi Kamba)

JIBU: Hapana, vipimo viko sawa ila jicho sio lako tena. Gemu ya kamera inayofuata nyuma ya mhusika, lile jicho liko mita kadhaa nyuma yake na juu kidogo, kwa hiyo ndani ya chumba halisi linagonga ukuta na dari. Ndo maana gemu nyingi za aina hiyo milango ni mipana na dari ndefu kuliko maisha ya kweli na hakuna anayelalamika. Panua mlango, lakini uwiano uulinde, kama wa kweli urefu ulikuwa mara mbili ya upana basi uache hivohivo, na uwiano huo ndo utakaobeba sura ya zamani. Na kabla ya yote hakikisha skeli ya injini, yaani programu unayojengea gemu, kwenye Unity uniti moja kwa kawaida ni mita moja, kwenye Unreal ni sentimita moja, hapo pameshawatesa wengi.

SWALI: Leveli zangu zote ziko flati. Nataka kwenda juu na chini lakini kila nikiweka ghorofa inakuwa ngazi, korido, ngazi, korido. Kuna majengo ya kuangalia? (Wa Ghorofa)

JIBU: Yapo na nimefurahi umeuliza. Anza na kisima cha Mtakatifu Patrick kule Orvieto, Italia, kilichimbwa kuanzia 1527 baada ya Papa Clement wa Saba kukimbilia mji ule Roma ilipovamiwa, akaogopa mji ukizingirwa utakosa maji. Kina kwenda chini kama mita 53, na ndani kina ngazi mbili za mzunguko zinazojisokota pamoja bila kukutana, kila moja vidato 248. Punda anashuka kwa moja mtupu, chini kabisa kuna kidaraja anavuka, anapanda kwa nyingine na maji, hakuna msongamano. Sasa weka mchezaji hapo. Katikati ni shimo lenye mwanga wa juu, kwenye kuta zake kuna madirisha yapatayo 70, kwa hiyo ukishuka unaona kupitia dirisha mtu anayepanda upande wa pili, mnaonana, lakini hamfikiani mpaka mmoja afike mwisho. Ukifikiria adui wako ni huyo upande wa pili, leveli nzima imeshajiandika.

Wazo hilohilo lipo kwenye kasri la Chambord, Ufaransa, lililoanza kujengwa 1519, ngazi mbili zinazunguka nguzo moja iliyo wazi katikati, anayepanda na anayeshuka wanachunguliana tu.

Halafu kuna Chand Baori, kisima cha ngazi cha Rajasthan, India, chenye zaidi ya miaka 1000, vidato kama 3,500 kwenye ghorofa 13 kwenda chini, pande tatu zote ni vidato vidogo vidogo vinavyopishana, upande wa nne ndo kuna jengo lenye vibaraza. Hapa somo ni lingine kabisa, njia ziko nyingi mno na zote zinafika, mchezaji anachagua mwenyewe, na aliye juu anamuona kila aliye chini. Kwa gemu ya kupigana wengi kwa wengi pale ni pazuri, kwa gemu ya kujificha utapata tabu maana hakuna pa kujificha, isipokuwa kwenye vile vibaraza.

Na Lalibela, Ethiopia, makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba kwenda chini badala ya kujengwa kwenda juu. Lile la Mtakatifu George unalikuta miguuni kwako, unaona paa la msalaba usawa wa ardhi uliyosimama, karibu uliguse, lakini ili ufike mlangoni inabidi uzunguke ushuke kwenye mfereji uliokatwa kwenye jiwe, na ukitokea unaliangalia kwa kuinua shingo. Jengo lilelile, umeliona dogo kutoka juu, sasa limekuzidi. Mwonyeshe mchezaji lengo lake mapema akiwa juu, kisha mshushe. Korido zako zile zinachosha kwa sababu kila ghorofa haijui kama kuna ghorofa nyingine, toboa sakafu bana, watu waonane.

SWALI: Mi siwezi kusafiri kwa sasa. Naruhusiwa kutumia picha za watu za intaneti kwenye gemu nitakayouza? (Wa Nyumbani)

JIBU: Kuangalia na kujifunza hakuna anayekukataza. Kuichukua picha yenyewe ukaifanya tekscha ndo kwenye mtego, kwa sababu jengo linaweza kuwa na miaka 800 na halina mwenye hakimiliki lakini picha ya jana ina mwenyewe. Soma leseni. Zile za Creative Commons (CC), CC0 unatumia utakavyo, CC BY lazima umtaje mpiga picha, CC BY-SA nayo inakutaka utakachotengeneza kutokana nayo ukitoe kwa masharti hayohayo, hiyo kwa gemu ya kuuza fikiria mara mbili, na ikiwa na NC maana yake sio ya biashara, iache. Kuna vitu vya ajabu pia, mnara wa Eiffel mchana hauna shida ila taa zake za usiku zinalindwa kama kazi ya sanaa, na Italia wana sheria ya mwaka 2004 inayotaka kibali na malipo kwa matumizi ya kibiashara ya picha za mali za kale zilizo chini ya serikali. Ukifika hatua ya kuuza muulize mwanasheria.

Ila nikupe kitu bora kuliko picha, michoro yenye vipimo. Marekani walianza mwaka 1933 mradi wa kupima na kuchora majengo yao ya kihistoria, michoro iko kwenye Maktaba ya Bunge lao, bure mtandaoni, mingi haina hakimiliki kabisa. Unapata ramani ya sakafu, mkato wa jengo (mchoro unaolionyesha kama limepasuliwa wima), mpaka umbo la fremu ya dirisha. Ukiwa na mkato na picha tano nzuri unamzidi mtu mwenye picha mia tano bila mkato.

SWALI: Niko peke yangu, sina timu, asseti (vitu vya kuweka kwenye gemu) ninazo chache. Majengo ya kale si yana madoido mengi kuliko uwezo wangu? (Jeshi la Mtu Mmoja)

JIBU: Mengi yao yamejengwa na watu wenye shida kama yako. Nenda kaangalie picha za msikiti mkuu wa Cordoba, Hispania, ulioanza karne ya 8, ambao sasa ni kanisa kuu. Zile nguzo, zaidi ya 800, nyingi za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya zamani ya Warumi na Wavisigothi, kwa hiyo hazilingani, na zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mkubwa vile. Mafundi wakaweka tao juu ya tao, la chini linashika, la juu linainua dari, wakapishanisha jiwe jeupe na tofali jekundu, wakarudia, wakarudia, wakarudia. Nguzo, tao mbili, rangi mbili, basi. Msitu mzima umetoka hapo.

Kwa hiyo tengeneza nguzo moja nzuri na tao moja, kisha vichwa vya nguzo fanya vitatu au vinne tofauti uvichanganye, kama wao walivyochanganya kwa kukosa. Kurudia kukiwa na sababu kunakuwa mdundo, mchezaji hachoki. Ila uvunje sehemu moja tu, penye umuhimu, kama pale kwenye mihrabu ambapo ghafla mapambo yanakuwa mengi na dhahabu inaanza. Ukiyatawanya kila mahali hakuna atakayejua amefika.

SWALI: Nachanganya majengo ya nchi na nyakati tofauti kwenye leveli moja. Rafiki yangu anasema ni makosa na pia ni dharau. Wewe unasemaje? (Mchanganyaji)

JIBU: Kuchanganya sio kosa, kuchanganya bila kujua ndo kosa. Gemu ya Assassin's Creed Unity ya mwaka 2014 iko Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, yaliyoanza 1789, lakini Notre-Dame yao ina ule mnara mwembamba wa katikati ya paa uliojengwa 1859, ambao ndo huo ulioanguka kwenye moto wa Aprili 2019. Ule wa enzi za kati ulikuwa umeshashushwa mwishoni mwa karne ya 18. Mchezaji wa kawaida akiliona kanisa bila mnara angeona limekosewa, maana kichwani mwake picha ni hiyo, kwa hiyo naelewa kwa nini utauweka. Lakini utauweka ukijua.

Kuhusu dharau rafiki yako ana hoja na usimpuuze. Lalibela niliyoitaja hapo juu sio gofu, ni makanisa ya Waorthodoksi wa Ethiopia, watu wanasali humo mpaka leo, wanavua viatu mlangoni. Ukichukua umbo lile, mfereji, mwanga, kushuka, ukalitumia kwenye dunia yako ya kubuni sioni tatizo. Ukichukua msalaba wenyewe na michoro ya ukutani ukaijaza mazombi ya kupiga risasi, hapo unamuumiza mtu ambaye yuko hai na ana imani yake. Kabla hujajenga jiulize kama kuna anayesali humo leo, na kama yupo chukua jinsi pale mahali panavyofanya kazi, alama zake takatifu uziache.

Na kwenye folda yako kila picha ipe jina lenye mahali na karne ya ile sehemu ya jengo, sio mwaka uliopiga, mfano ukuta_wa_mashariki_karne_13, paa_karne_19, maana jengo moja la kale mara nyingi lina karne nne ndani yake na ukishachanganya picha huwezi tena kuzitenganisha kwa macho.